Kisa cha Fedor Gorst: taji la Doha, taji la Jeddah, na bendera iliyobadilika katikati

Ukisoma orodha ya mabingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa, utakutana na jina la Fedor Gorst mara mbili. Mwaka 2019 limeandikwa pamoja na Urusi. Mwaka 2024 limeandikwa pamoja na Marekani. Kati ya mistari hiyo miwili kuna miaka minne na nusu, janga la korona, vita, na kijana aliyelazimika kuamua mambo mazito kabla hajafikisha miaka 25.

Kisa hiki huelezwa kwa mkato: vita ilizuka, Warusi wakafungiwa milango, kijana akabadili bendera, akashinda. Mkato huo unaacha jambo kubwa. Ninavyoona mimi, vita ilimalizia tu safari iliyokuwa imeshaanza ndani ya mchezo wenyewe, kwa sababu aina ya biliadi aliyoichagua Gorst haikuwa na makao ya kutosha katika nchi aliyozaliwa. Nitaeleza.

Gorst alizaliwa Moscow tarehe 31 Mei 2000. Mrusi akisema biliadi, picha ya kwanza inayomjia kichwani ni piramidi, mchezo wa jadi wa kwao. Meza yake ina urefu wa futi 12. Mipira ni 16: kumi na tano myeupe yenye namba, na mmoja wa rangi. Kila mpira una kipenyo cha milimita 68, na tundu la kona limeachwa na upana wa milimita 72 au 73. Nafasi inayobaki, ukijumlisha pande zote mbili za mpira, ni milimita nne au tano tu. Mpira ukigusa mdomo wa tundu vibaya kidogo, unabaki nje ukikutazama. Na kuna jambo linalomshangaza mgeni: katika piramidi, mpira uliopigwa kwa fimbo ukigonga mwenzake kisha wenyewe ukaingia tunduni, ni pointi yako. Kwetu sisi tuliozoea meza za baa za kutumbukiza sarafu, hilo ni kosa la kuadhibiwa.

Piramidi ina mashabiki wake, mabingwa wake na kumbi zake Urusi na katika nchi zilizokuwa za Umoja wa Kisovyeti. Ukivuka mipaka hiyo, watu hawaijui. Pool ni kinyume chake. Ina wachezaji wa kulipwa Ufilipino, Taiwan, Ujerumani, Poland, Uhispania na Marekani, lakini ndani ya Urusi ni mtoto wa pili nyumbani. Kabla ya Gorst, watu kama Ruslan Chinakhov na Konstantin Stepanov waliibeba bendera ya Urusi katika mashindano ya pool, nao walikuwa wachezaji wa kuheshimika, ila hakuna Mrusi aliyekuwa ameuchukua ubingwa wa dunia wa mipira tisa upande wa wanaume. Kijana wa Moscow aliyechagua pool alijua kwamba ikiwa atafanikiwa, mafanikio yake yatapatikana ng'ambo. Mchezo ulishamhamisha kabla ya mtu yeyote kumuuliza kuhusu pasipoti.

Tuuelewe mchezo wenyewe, maana bila hivyo taji la Doha halitaonekana uzito wake. Mipira tisa hupangwa kwa umbo la almasi. Lazima mpira mweupe uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Anayeuingiza mpira wa 9 kihalali ameshinda gemu, hata kama mwenzake ndiye aliyeingiza minane ya kwanza. Hapo ndipo ukatili wa mchezo huu ulipo: unaweza kufanya kazi yote, ukakosea mpira wa mwisho, ukaketi ukitazama mwingine akivuna shamba lako. Bahati ina nafasi kubwa katika gemu moja. Ndiyo sababu fainali huchezwa hadi gemu 13 au 15, ili bahati ichoke na uwezo ujitokeze.

Desemba 2019, Doha, Qatar. Gorst ana miaka 19. Fainali inamkutanisha na Chang Jung-lin wa Taiwan, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mipira minane mwaka 2012, mtu aliyekwisha kuona kila aina ya shinikizo. Gorst akashinda 13–11. Tofauti ya gemu mbili katika fainali ya gemu 24 inakuambia kwamba hakuna aliyempa nafasi ya kupumua. Alikuwa Mrusi wa kwanza kulitwaa taji hilo, na katika historia yake yote ni Wu Jia-qing peke yake aliyelipata akiwa na umri mdogo kuliko yeye. Wu alikuwa na miaka 16 aliposhinda mwaka 2005.

Nimtaje Wu zaidi kidogo, kwa sababu watu husahau. Alishinda akiwa mtoto wa Taiwan, kisha mwaka 2011 akachukua uraia wa China bara na kuendelea kucheza chini ya bendera hiyo. Naye Alex Pagulayan alichukua taji la 2004 akiiwakilisha Kanada, baadaye akacheza kwa jina la Ufilipino alikozaliwa. Kwa hiyo Gorst hakuwa wa kwanza kufanya alichofanya. Katika pool, mchezaji husafiri na begi lake la fimbo na hujigharimia mwenyewe. Bendera huandikwa kwenye ubao wa matokeo, lakini mara nyingi siyo nchi inayomlipia tiketi.

Baada ya Doha yalifuata majira mabaya ambayo yeye hakuyasababisha. Bingwa wa dunia wa miaka 19 anapaswa kuutumia mwaka unaofuata kuzunguka, kualikwa, kujulikana. Mwaka uliofuata ulikuwa 2020. Kufikia Machi dunia imefungwa. Ubingwa wa dunia haukufanyika kabisa mwaka ule. Heshima kubwa aliyoipata ilikuwa kuitwa kwenye timu ya Ulaya ya Mosconi Cup, pambano la kila mwaka kati ya Ulaya na Marekani lililoanza mwaka 1994 na kupewa jina la Willie Mosconi, gwiji wa Marekani aliyefariki mwaka 1993.

Mosconi Cup hujulikana kwa kelele. Mashabiki huimba, hupiga makofi katikati ya mpigo, humzomea mpinzani, na wachezaji wakubwa hutetemeka mikono mbele yao. Mwaka 2020, huko Coventry, Uingereza, ilichezwa bila watazamaji. Ulaya ikashinda 11–3, timu ikiwa na Joshua Filler, Jayson Shaw, Albin Ouschan, Eklent Kaçi na Gorst. Ulishike jina la Kaçi, Mualbania, tutarudi kwake. Gorst alipata kombe la timu katika ukumbi mtupu, akiwa amevaa rangi za Ulaya. Mwaka uliofuata hakuwamo kikosini.

Sasa tufike Februari 2022. Tarehe 24 Urusi iliivamia Ukraine. Tarehe 28, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipendekeza mashirikisho ya michezo yasiwaalike wanamichezo wa Urusi na Belarus, na pale isipowezekana kuwazuia, wacheze bila bendera wala wimbo wa taifa. Pool haimo kwenye Olimpiki, lakini biliadi imo kwenye Michezo ya Dunia, ile inayokusanya michezo isiyo ya Olimpiki. Julai 2022 ilifanyika Birmingham, jimbo la Alabama, bila Warusi.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Jiweke mahali pake. Una miaka 21. Umeshakuwa bingwa wa dunia. Miaka bora ya macho na mikono yako iko mbele yako. Hukuanzisha vita, huwezi kuisimamisha, na wazazi wako wa michezo, yaani nchi na shirikisho, wamekuwa mzigo mgongoni. Ukirudi nyumbani utacheza mashindano ya ndani, katika nchi ambayo hata wakati wa amani pool ilikuwa kando ya piramidi. Ukisubiri mambo yatulie, hujui utasubiri hadi lini. Na mchezaji asiyekutana na wapinzani wakali hushuka kiwango polepole mno kiasi kwamba yeye mwenyewe huwa wa mwisho kugundua. Njia ya tatu ni kubaki mahali ambapo kuna meza, fedha na wapinzani, na ambapo anayetaka kucheza hulipa kiingilio akapangwa kwenye ratiba.

Mahali hapo palikuwa Marekani, na Gorst alikuwa ameshaanza kucheza huko kabla ya vita. Jambo hilo nalikazia kwa sababu ndilo lililomwokoa. Hakukurupuka usiku mmoja kutafuta pa kukimbilia.

Utamaduni wa pool wa Marekani ni tofauti na wa Ulaya. Ulaya wana klabu, ligi, makocha na mashirikisho. Marekani wana kumbi, mashindano ya wazi, na mechi ndefu za fedha kati ya watu wawili ambazo huweza kuchukua siku tatu mfululizo. Mashindano ambayo nadhani yanaueleza utamaduni huo kuliko mengine ni Derby City Classic, yanayofanyika kila Januari kusini mwa Indiana. Humo kuna mipira tisa, lakini kuna pia michezo miwili ambayo mtu wa Moscow hawezi kujifunza vizuri mbali na Wamarekani.

Mmoja ni ule ambao lazima kila mpira ugonge ukingo wa meza kwanza ndipo uingie tunduni. Mpira uliokwenda moja kwa moja hauhesabiwi. Unahitaji kusoma pembe, kasi, na jinsi kitambaa kinavyoushika mpira siku hiyo. Mwingine ni wa tundu moja. Kila mchezaji anapewa tundu lake la kona, na anayeingiza mipira minane kwenye tundu lake ndiye mshindi. Ukitazama mara ya kwanza utaona unachosha: watu wanasogeza mipira taratibu, wanaficha mpira mweupe, wanakataa kushambulia. Ukikaa ukauelewa, utaona ni kama bao. Kila hatua inafikiriwa mbele na nyuma, na subira ndiyo silaha. Wazee wenye mvi huwapiga vijana katika mchezo huu kwa sababu wanajua njia za kumbana mtu ambazo hazimo katika mafunzo ya klabu yoyote.

Mwishoni mwa Derby City hutolewa taji la jumla kwa aliyefanya vizuri katika michezo yote mitatu, linaloitwa Master of the Table. Gorst amelitwaa. Mimi naliona taji hilo kama ushahidi mzito kuliko hata fainali kadhaa za televisheni, kwa sababu linaonyesha kwamba alikubali kuwa mwanafunzi tena. Bingwa wa dunia alikaa chini akajifunza michezo ya wenyeji, ambayo haingempa nafasi ya kuitwa na timu yoyote ya taifa. Kwa kufanya hivyo alipanua mbinu zake za kujilinda, na akapata njia ya kula isiyotegemea kibali cha shirikisho. Wachezaji wengi wa Ulaya huja Marekani wakacheza mipira tisa, wakapanda ndege. Huyu alikaa.

Jina lake la utani ni The Ghost, yaani Mzimu, kwa kuchezea jina la ukoo wake, Gorst. Kuna bahati nzuri ya maneno hapa, kwa kuwa katika pool kuna zoezi linaitwa kucheza na mzimu. Unakuwa peke yako ukumbini. Unafungua, yaani unapiga mpigo wa kwanza wa kuitawanya mipira, unauweka mpira mweupe mahali popote unapotaka, kisha lazima uimalize meza yote bila kukosa. Ukikosa mpira mmoja tu, gemu ni ya mzimu, kwa sababu mzimu haukosei kamwe. Ni zoezi la upweke mkubwa. Nikifikiria miaka ya Gorst kati ya 2020 na 2023, kumbi zikiwa tupu na kisha milango imefungwa, naona kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya namna hiyo: hakuna wa kumshangilia, na kila kosa linahesabiwa.

Kisha likaja suala la bendera: Gorst akaanza kuiwakilisha Marekani. Suala hilo wasomaji wa Afrika Mashariki tunalijua kwa uchungu. Mwaka 2003 Stephen Cherono, mtoto wa Kenya, alibadili uraia akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwezi Agosti mwaka huohuo akashinda mbio za mita 3000 kuruka viunzi na maji katika ubingwa wa dunia jijini Paris. Mwaka 2004 Kenya ilikataa kulegeza masharti ya kusubiri, na akaikosa Olimpiki ya Athens. Watu walimuita msaliti. Wengine walimtetea kwamba mguu ni wake na njaa ilikuwa ya kwao. Mjadala ule haujaisha mpaka leo katika vibanda vya chai.

Tofauti kati ya visa hivi ni kubwa, na haifai kuzifunika. Kenya ina utajiri wa wakimbiaji na ilikuwa tayari kumpeleka Cherono popote. Aliyemvuta alikuwa mnunuzi mwenye fedha. Gorst hakununuliwa na serikali. Nchi yake mpya ilimpa kitu kidogo zaidi lakini cha msingi zaidi: ruhusa ya kuingia ukumbini. Ndiyo maana siwezi kumuweka kwenye kapu la wasaliti. Mtu anaweza kuipenda Moscow na bado akatambua kwamba mikono yake haitasubiri wanasiasa wamalize. Wakati huohuo nawaelewa Warusi wanaoumia. Walimlea, akawapa taji la kwanza, na taji la pili likaja likiwa na jina la nchi nyingine.

Juni 2024, Jeddah, Saudi Arabia. Ubingwa wa dunia umehamia huko, na zawadi zimefika jumla ya dola 1,000,000, bingwa akichukua 250,000. Moscow, Doha, Jeddah na Dar es Salaam zote zinatumia saa ileile. Mechi ikianza saa mbili usiku Jeddah, ni saa mbili usiku kwetu na kwa waliokuwa majirani zake Moscow. Gorst ametoka tu kutimiza miaka 24. Matundu ya meza yamepunguzwa hadi inchi nne, kama sentimita kumi, ili kuwabana wachezaji ambao kwa matundu mapana walikuwa wakimaliza meza mfululizo. Kwa mtu kutoka nchi ya piramidi bado hayo ni malango mapana. Kwa wachezaji wengi wa pool, zile milimita zilizopunguzwa ziliondoa ujasiri.

Fainali: Gorst dhidi ya Eklent Kaçi. Yuleyule wa Coventry, mwenzake wa timu katika ule ukumbi mtupu. Mechi ilikuwa hadi gemu 15, na ilifika 14–14.

Nikae hapo kidogo. Katika utaratibu wa mashindano yale, mshindi wa gemu ndiye anayefungua gemu inayofuata. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa kitini gemu nne, tano, akimtazama mwenzake akifungua na kumaliza, akifungua na kumaliza, huku yeye akishika kitambaa chake tu. Kiti hicho kimewaharibu wachezaji wengi. Ukiinuka, mkono umeshapoa, na mpira wa kwanza unaopewa mara nyingi ni mgumu, umeachwa hivyo kwa makusudi. Kwenye 14–14 hakuna tena hesabu ya kufidia. Mpira mmoja ukigoma kwenye mdomo wa tundu, umepoteza ubingwa wa dunia kwa nusu sentimita.

Gorst alishinda 15–14.

Miezi miwili baadaye, Atlantic City, alishinda pia US Open ya pool, akawa anashikilia mataji mawili makubwa kwa wakati mmoja. Kisha mwishoni mwa mwaka, Orlando, aliingia Mosconi Cup akiwa upande wa Marekani, dhidi ya Ulaya aliyoichezea miaka minne nyuma, safari hii mbele ya umati. Ulaya ilishinda 11–6. Yeye alikuwa mchezaji bora waliyekuwa naye Wamarekani, na haikutosha. Pambano la timu haliwezi kubebwa na mtu mmoja. Zamu yake ikiisha lazima aketi, na wengine wanainuka.

Nikikichambua kisa hiki chote, swali linalonisumbua zaidi ni lile la walio nyuma yake. Gorst alikuwa na taji la dunia mkononi milango ilipofungwa. Jina lake lilimfungulia kumbi za Marekani, wadhamini na hata nafasi ya kuitwa na timu. Kijana wa miaka 15 aliyekuwa Moscow mwaka 2022, mwenye kipaji hichohicho lakini bila taji, hakuwa na kitu cha kuonyesha mlangoni. Kwake, adhabu ile ilikuwa miaka yote ya kukua, na meza iliyobaki wazi mbele yake ilikuwa ya futi 12, yenye mipira ya milimita 68. Kisa cha bingwa kimesimuliwa. Cha huyo hakitaingia kwenye orodha yoyote.

Julai 2025 Gorst alirudi Jeddah kutetea taji. Akafika fainali tena, akakutana na Carlo Biado wa Ufilipino, ambaye alikuwa bingwa mwaka 2017, tena Doha, miaka miwili kabla ya Gorst kushinda kwenye mji huohuo. Mechi ilikwenda hadi 13–13. Gemu mbili zilizofuata zilikuwa za Biado.